Nimekipenda, lakini ni kitabu cha maana?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ndogo hapa Malindi. Masika yakianza wageni hupungua, basi mwaka huu zamu za usiku nimezipitisha kwa kusoma. Nilisoma Mzimu wa Watu wa Kale, nikacheka peke yangu mpaka askari wa getini akaja kuuliza kulikoni. Nikasoma Vuta n'kuvute, nikampenda Mwajuma kuliko wote. Shemeji yangu, ambaye amefika chuo kikuu, akasema hivyo ni vitabu vya kupotezea wakati, akaniazima Nagona. Nimeshindwa. Nasoma ukurasa, narudi nyuma, sijui nimesoma nini. Kuna ubaya kusoma kwa kujifurahisha tu? Nisome nini baada ya hapa? Na mbona mwezi ukipita nasahau hata majina ya waliokuwemo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na shemeji, maana ndiye aliyekutia wasiwasi.

Hivyo vitabu viwili alivyovidharau vina sifa zao hata kwa kipimo chake mwenyewe. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957/58, lililoandaliwa na East African Literature Bureau, kikachapishwa mwaka 1960. Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, alikuwa mhariri wa magazeti Unguja, mtu aliyekula chumvi nyingi katika kazi ya maneno. Vuta n'kuvute cha Adam Shafi, cha mwaka 1999, kimesomeshwa shuleni na vyuoni Tanzania, na Amil Shivji akakitengenezea filamu mwaka 2021. Kwa hiyo shemeji akitaka ubishi wa heshima za kitabu, unazo. Lakini mimi nisingebishana naye kwa njia hiyo, kwa sababu ukishinda kwa vyeti utakuwa umekubali kwamba kitabu hupendwa kwa vyeti.

Nimesomesha fasihi ya Kiswahili miaka mingi, na nimeona namna raha ya kusoma inavyouawa darasani, tena na sisi walimu wenyewe. Kitabu teule kikiingia mkononi mwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, kabla hajajua nani ni nani, keshaanza kupigia mistari penseli: hapa pana sadfa, hapa pana taharuki, hapa huenda dondoo likatoka. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora ni kitabu chenye kejeli tamu. Lakini muulize aliyekifanyia mtihani ni wapi alipocheka. Atakutajia maudhui matano na mbinu sita za lugha. Wengi wao hawajafungua riwaya tena tangu siku waliporudisha kalamu mfukoni. Wewe umefungua, usiku, bila kutumwa na mtu. Shemeji aliyefika chuo kikuu huenda hajafanya hivyo siku nyingi, ila hilo usimwambie. Ni mume wa dada yako.

Sasa tuje kwenye barua yako, kwani umeniambia mengi kuliko unavyodhani. Umesema ulicheka na Mzimu wa Watu wa Kale, chenye mpelelezi Bwana Msa. Hukusema ulikesha ukitaka kumjua muuaji. Na katika Vuta n'kuvute, riwaya yenye Yasmin anayeozwa mzee Raza angali msichana mdogo, yenye Denge na siri zake za kisiasa, yenye inspekta Mzungu anayewawinda watu usiku, wewe umemkumbuka Mwajuma, rafiki yake Yasmin wa mtaa wa Ng'ambo huko Unguja, mtu wa taarabu na starehe, asiyeweka neno akiba. Hiyo si bahati nasibu. Wewe unapenda watu wanaosema. Kisa kwako ni mkeka tu wa kuwakalisha watu ili wazungumze.

Rudi utazame tena Mzimu wa Watu wa Kale. Bwana Ali anakutwa amekufa kwenye mzimu, pahali pa kuogopwa, na kila mtu ana lake la kusema. Mpelelezi mwenyewe, Bwana Msa, ana kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni. Najum huona kila kitu na haelewi hata kimoja, kama sisi wasomaji. Ukipima kurasa, mauaji yamekula sehemu ndogo. Zilizobaki ni mazungumzo: watu wanasalimiana, wanapigana vijembe, wanajizungusha wasiseme ukweli, na yule mzee anavuta kiko akisubiri ulimi wa mtu uteleze. Huko ndiko upelelezi wote uliko. Bwana Msa hukamata watu kwa maneno yao wenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja tu, na mengine yote yanatoka humo: ukimaliza kitabu kilichokukolea, usijiulize kilikuwa cha aina gani. Jiulize ni kitu gani hasa ndani yake kilichokukolea, kisha ukifuate hicho hicho kwenye kitabu kingine, hata kama jalada halifanani. Muuza duka atakuuliza unataka mapenzi au upelelezi. Wewe huna haja na swali lake.

Tukifuata midomo ya watu, basi mlango wa karibu ni Bwana Msa mwenyewe. Kipo Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, kipo Duniani Kuna Watu cha 1973, kipo Siri ya Sifuri cha 1974. Mimi ningekuanzisha na Duniani Kuna Watu. Usivisome vyote mfululizo, maana Bwana Msa ana mazoea yake, na ukimfululiza utaanza kumjua kabla hajafungua mdomo. Kimoja, kisha kitabu cha mtu mwingine, kisha umrudie.

Watu watakusukumia wapelelezi wa Bara: Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Ni watu wa mbio, bastola na ndege, na kwa zamu ya usiku hawana mfano, kwa kuwa hutasinzia. Soma Kufa na Kupona au Salamu Toka Kuzimu ukitaka kujua ladha yake. Nakutabiria utavimaliza upesi ubaki na njaa, kwa kuwa humo watu hawana wasaa wa kukaa kitako wasengenyane.

Kwa Adam Shafi, nenda nyuma ukachukue Kuli, cha mwaka 1979. Ni habari ya Rashidi na makuli wa bandari ya Unguja, na mgomo wao wa mwaka 1948. Kina uzito zaidi na utani haba, lakini wanaume wale wakikusanyika baada ya kazi utawasikia sauti zao kama wamo chumbani. Haini kiache kwanza. Ni kitabu kizuri sana, ila ni cha jela na mateso baada ya kuuawa Karume mwaka 1972, na sikushauri ukae nacho peke yako saa nane za usiku ukimngoja mgeni wa mwisho.

Halafu kuna Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed, 1976. Hiki nakupa kwa tahadhari. Mwanzo wake ni mzito, na Rehema anaonewa mpaka utataka kukifunga. Vumilia hadi Sulubu atokee. Sulubu ni mkulima asiye na makuu, na maisha yao pale shambani Ramwe yameandikwa kwa Kiswahili ambacho mimi husoma aya moja mara mbili kwa utamu wake tu. Kama Yasmin alikugusa hata kidogo, Rehema atakugusa zaidi, na mwisho wake hautakupa mikono ya kheri kirahisi.

Mnao na mwandishi wenu huko huko Kilifi, na sijui kwa nini watu wa Malindi hawamtaji: Katama Mkangi. Walenisi, cha mwaka 1995, kinamchukua mtu aitwaye Dzombo, aliyehukumiwa kifo, na kumrusha angani ndani ya chombo mpaka ulimwengu mwingine usiofanana na huu wetu. Mtu aliyeonja kizuizini kwa ajili ya siasa akaandika kejeli ya namna hiyo! Kuna mahali anahubiri, nisikufiche. Paruke. Hakuna atakayekuuliza.

Na ukipata Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, usikipite. Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na huyo shemeji atafurahi kukuona umekishika. Wewe utakifurahia kwa sababu nyingine: wafanyabiashara wa misafara, wanavyotaniana na kutishana kwa majini na nchi za mbali, huku kijana Yusuf, aliyetolewa kulipia madeni ya baba yake, anasikiliza kila neno.

Sasa Nagona. Mwanangu, hukushindwa wewe. Euphrase Kezilahabi alikiandika kitabu hicho, cha mwaka 1990, makusudi kisiwe na kisa kilichonyooka. Ni chembamba, na wembamba wake huwadanganya watu wakadhani ni cha usiku mmoja. Humo mtu anatembea, anakutana na mambo, wakati hauna mbele wala nyuma, na wasomi wenye shahada zao wanabishana hadi leo alimaanisha nini. Anayekuazima kitabu hicho baada ya Bwana Msa ama hakusikiliza ulichopenda, ama alitaka kukuonyesha kitu. Mrudishie kwa adabu, umwombe akusimulie kinahusu nini. Mwandalie chai, maana atakaa.

Lakini usimwache Kezilahabi kwa ajili ya hicho. Kamtafute katika Rosa Mistika, cha mwaka 1971, riwaya yake ya kwanza. Huko Ukerewe kuna Zakaria, baba mlevi anayewalinda mabinti zake kwa ukali usio na akili, na Rosa anayetoka mikononi mwake bila kujua ulimwengu ukoje. Wakati fulani kilipigwa marufuku shuleni, jambo ambalo kwa kawaida huwa ni sifa njema. Ukishaizoea sauti yake hapo, siku moja utaweza kuingia Nagona, na usipotaka pia sawa.

Kuhusu kuacha kitabu njiani, mimi sina huruma. Nikifika robo sijaona mtu ninayetaka kujua atafanya nini kesho, nakifunga. Maktaba ya hapa kwenye Ngome ya Amu, yaani Lamu, imejaa vitabu na umri wenyewe ni huu huu. Kuna kitu kimoja tu ninachokiangalia kabla ya kufunga: je, tatizo ni kitabu au ni saa? Vitabu vingine vinataka asubuhi na akili iliyolala. Wewe unasoma katikati ya zamu, simu ikilia unaacha sentensi nusu. Kwa hali hiyo sura fupi ni bora, na mazungumzo ni bora kuliko maelezo marefu. Hiyo pekee inaweza kuwa sababu ya nusu ya hasira zako na Nagona.

Hukuniuliza kuhusu tenzi, lakini siwezi kukaa Amu nikajibu barua kama yako bila kuzitaja. Ukisikia neno utenzi, najua unakumbuka mizani nane na vina, na mwalimu amesimama ubaoni. Yasahau. Nenda ukasome Utenzi wa Fumo Liyongo, tulionao kwa hati ya mwaka 1913 ya Muhammad Kijumwa wa hapa hapa Amu, mwandishi wa hati na mchonga nakshi. Nakwambia hakuna riwaya ya Willy Gamba yenye mitego kama ile.

Mfalme wa Pate anataka Liyongo, shujaa wa utenzi huo, afe. Kwanza anapangiwa na wenzake: watakwenda porini kuangua makoma, matunda ya mkoma, kila mmoja apande mti kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika wamfume mishale akiwa juu. Zamu inafika. Liyongo hapandi. Anashika uta wake, anayalenga makoma kutoka chini, yanaanguka yenyewe, na wale wauaji wanabaki kuokota.

Halafu kuna jela. Hapa ndipo nipendapo zaidi. Liyongo amefungwa minyororo, na mama yake humletea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada. Kila kikiwa kizuri walinzi wanakila wao. Basi Liyongo anamtuma Saada kwa mama yake na maneno ya mafumbo, na mama anaelewa. Anaoka mikate mizuri, na kati yake anatia mmoja wa wishwa, makapi matupu, ambao ndani yake ameficha tupa ya kukatia chuma. Walinzi wanapekua, wanachukua mizuri, na ule wa wishwa wanamtupia mfungwa kwa dharau. Bado kuna tatizo moja: tupa juu ya chuma inapiga kelele. Liyongo anaomba watu waje kucheza ngoma nje ya jela, na yeye mwenyewe anawatungia nyimbo za kuitikia. Matoazi yanalia, watu wanaitikia, na kila wanapopaza sauti yeye anakata mnyororo. Fikiria mtu anayeimbiwa na wale wale wanaomlinda, akiwapangia na kiitikio.

Mwisho wake sitakusimulia wote. Kuna mwana, kuna sindano ya shaba, na kuna kisima ambacho mji mzima unaogopa kukiendea kwa sababu Liyongo amepiga goti pale na mshale uko kwenye uta, na hakuna ajuaye kama yu hai. Kaburi lake watu huonyesha Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini. Ukija Amu kwa basi, ukishavuka Garsen, Kipini iko upande wako wa kulia.

Jambo moja tu juu ya tenzi: usizisome kwa macho. Lugha ya zamani ya huku itakukwaza ukiisoma kimya, na mengi hujifungua sikioni. Tafuta chapa yenye maelezo ya maneno, kisha msomee mtu kwa sauti, hata huyo askari wa getini ambaye tayari ana hamu ya kujua unacheka nini. Wazee wanaokaa uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome hawajawahi kuuliza kama Liyongo ni fasihi nzito au nyepesi. Huuliza nani anasoma, na kama ana sauti. Kwa shemeji, kama ana upenzi wa vyombo vya baharini, mtafutie Sambo ya Kiwandeo ya Ahmad Sheikh Nabhany, cha mwaka 1979. Nabhany alizaliwa Matondoni, kwa mafundi wa majahazi, na utenzi huo unakuonyesha chombo kinavyoundwa, na kila ubao na jina lake. Dukani si rahisi kukiona.

Kusahau ni jambo dogo. Majina yatakwenda tu, yangu pia huenda. Chukua daftari la duka, ukimaliza kitabu andika mistari miwili: nani alikuchekesha au kukuudhi, na alisema nini. Usiandike muhtasari, utachoka kitabu cha pili. Na msimulie mtu kisa hicho wiki ile ile. Kisa kilichopita mdomoni mwako hakipotei haraka.

La mwisho ni kuvipata. Malindi kama Amu, maduka mengi ya vitabu ni ya vitabu vya shule na madaftari, na riwaya utakayoikuta ni kitabu teule cha mwaka huo. Vingi nilivyokutajia itabidi uagize Mombasa, viletwe na basi kama kifurushi. Mwombe muuzaji, au yeyote utakayemtuma, akifungue kitabu kabla ya kulipa na afuate namba za kurasa mpaka mwisho. Kurasa hufungwa kwa mafungu, mara nyingi kumi na sita au thelathini na mbili kwa fungu, na kiwandani likikosekana moja au likarudiwa mara mbili, jalada halikwambii. Kwa kitabu cha mashairi unaweza kusamehe. Kwa Bwana Msa, fungu la mwisho likikosekana utabaki na maiti na watu wanane kila mmoja akimshutumu mwenzake. Na waambie wakifunge ndani ya nailoni, kwa maana masika haya buti la basi likifika Malindi huwa limelowa.